Zoezi la Tisa

Njiro, Arusha
9 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu Elinaza,

Ni mimi Saadi, mtoto wa mzee Abasi aliyekuwa na duka la vitambaa pale Ngaramtoni. Nilimaliza darasa la saba mwaka 2008, na mwaka huo wote nilikuwa kiranja wako, yule uliyekuwa ukimkabidhi ufunguo wa kabati. Kama bado hujanikumbuka, mimi ndiye niliyemwaga wino mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Hapo sina shaka umenikumbuka.

Paskalina wa duka la dawa za mifugo ameniambia umestaafu, unaishi huko juu karibu na msitu, una ng'ombe wawili na macho yako bado mazima. Amesema simu unayo ila hutaki kusoma humo kitu kirefu kuliko salamu, na kwamba nikiacha bahasha dukani kwake utaichukua siku ya soko. Ndiyo maana naandika kwa karatasi.

Nafundisha kompyuta jioni hapa Njiro, kwenye ukumbi tuliopanga. Wanafunzi wangu ni watu wazima: dereva wa watalii, mhudumu wa hoteli, mama anayepima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, fundi simu. Wanajifunza kuandika programu, yaani maelekezo ambayo kompyuta inayafuata kama yalivyo. Wakifika kwenye masharti wanakwama. Sharti ni kuiambia kompyuta: ikiwa hivi, fanya hivi, vinginevyo, fanya vile. Wanayakariri maneno ya Kiingereza bila kujua njia inapita wapi, kwa hiyo nimeamua waanze kuyaandika kwa Kiswahili, kwenye daftari, kabla ya kugusa mashine.

Nimekusanya mazoezi kumi na mawili kuwa kijitabu. Mengine nimetunga mwenyewe, mengine tumeyapata darasani. Naomba uyasahihishe kabla sijayapeleka kuchapishwa, maana sijawahi kuona mtu anayeona kosa haraka kama wewe. Ujue kitu kimoja tu kuhusu kompyuta: inaanza na swali la juu. Likijibiwa ndiyo, inafanya ilichoambiwa pale na kuondoka, maswali ya chini haiyagusi. Likijibiwa hapana, inashuka kwenye swali linalofuata. Haikisii na haimwonei mtu huruma.

Mwanafunzi wako,
Saadi Abasi


Ngaramtoni
20 Februari 2025

Saadi,

Marahaba. Wino ule haukutoka mpaka daftari lilipojaa. Kila nilipofungua mwezi wa tatu nilikuwa nakukumbuka, na siyo kwa dua.

Nimefurahi kupita kiasi, nikuambie ukweli. Tangu nistaafu hakuna aliyeniletea kitu cha kusahihisha. Nimekaa barazani na kalamu siku mbili, ng'ombe wakalia mpaka jirani akaja kuuliza kama naumwa.

Sasa sikiliza. Zoezi la pili unasema ikiwa alama ni zaidi ya arobaini andika "umefaulu", na ikiwa ni chini ya arobaini andika "rudia". Mtoto aliyepata arobaini kamili umemweka wapi? Amesimama mlangoni na karatasi yake, haambiwi aingie wala aondoke. Nilikuwa na mtoto wa arobaini kamili kila mwaka, Saadi, usimsahau huyo.

La nne umeandika "ikiwa leo ni Alhamisi na leo ni Jumapili, nenda sokoni." Kwa sharti hilo Paskalina angeshafunga duka. Onyesha siku moja ambayo ni Alhamisi na Jumapili kwa mpigo. Weka "au". La sita ni zuri, yule mwenye kutunga swali la maziwa yaliyoganda anajua maziwa. La saba kuna mwavuli. Sijui ni nani huku kwetu anatembea na mwavuli, lakini sharti lenyewe ni sahihi.

Kumi na moja nimeyarudisha yakiwa na alama. La tisa nimeliacha.

Huku juu usiku bado kuna baridi kidogo, na asubuhi mlima unaonekana wote. Nilikuwa nikiwaona mnapanda ile njia ya mikaratusi na masweta yenu ya kijani, kila mmoja na ukuni wake mmoja kwa ajili ya jiko la shule. Siku hizi wanakuja na bodaboda. Sina neno nao, ila sioni tena mtu akifika shule mashavu yamekuwa mekundu kwa baridi.

Mwalimu wako,
Elinaza


Njiro
2 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Tumeanza mfungo, na njaa ya leo nimeituliza kwa kusoma barua yako mara tatu. Darasani nimewasomea habari ya mtoto wa arobaini kamili. Dereva wa watalii akasema huyo mtoto alikuwa yeye.

Umenikumbusha kambi ya kujiandaa na mtihani wa darasa la saba. Unakumbuka tulivyolala darasani, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro yamebanana? Makande ya kila siku, na Jumamosi wali. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya kwetu. Ulikuja kila jioni kuhesabu vichwa, ukawa unatutaja majina mpaka wa mwisho. Nimeishi bweni la sekondari na hosteli ya chuo, na hakuna mahali nimelala vizuri kama kwenye lile darasa. Wote walioingia kambi mwaka wetu walichaguliwa kwenda sekondari. Huwa najiuliza ningekuwa wapi bila ile miezi miwili.

Kuhusu la tisa, naona uliliruka, labda kwa bahati mbaya. Nalirudisha humu kwa maana ndilo nalipenda kuliko yote. Ukilisoma utacheka, linatuhusu.

*Zoezi la 9. Mwalimu anapanga watakaoingia kambi ya darasa la saba.*
*Ikiwa mtoto amekosa shule zaidi ya siku kumi: haingii.*
*La sivyo, ikiwa amekosa zaidi ya siku kumi na mzazi ameleta barua yenye sababu ya kweli: anaingia.*
*Vinginevyo: anaingia.*
*Swali: Mtoto amekosa siku kumi na nne. Baba yake ameleta barua. Barua hiyo inasomwa kwenye mstari upi?*

Jibu, kama ulivyoona, ni kwamba haisomwi popote. Mstari wa kwanza umeshamkamata mtoto na kumtoa. Mstari wa barua upo, umeandikwa vizuri, lakini hakuna anayeufikia. Ndilo kosa ambalo wanafunzi wangu hawalioni kamwe, na hapa linaonekana waziwazi.

Saadi


Ngaramtoni
13 Machi 2025

Saadi,

Sikuliruka kwa bahati mbaya.

Kama ulikuwa na neno na mimi, ungelisema. Ungepanda gari hadi Ngaramtoni, ungeuliza njia, ningekukaribisha chai na ungenitamkia usoni. Ufunguo wa kabati nilikupa wewe kwa sababu nilikuamini kuliko watoto wote wa darasa lile. Sikujua kwamba uliona yaliyokuwa kwenye rafu ya chini, wala kwamba ungeyahifadhi miaka kumi na saba ili unitungie zoezi na kuniambia nitacheka.

Nilifundisha miaka thelathini na sita. Darasa la saba peke yake lilikuwa na watoto tisini na kitu, na mwalimu mkuu alitaka orodha ya kambi ibandikwe kesho yake asubuhi. Wewe una wanafunzi wa jioni na kompyuta. Usinifundishe habari ya mistari.

Karatasi ya zoezi lako nimeirudisha dukani kwa Paskalina.

E.


Njiro
6 Aprili 2025

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imenikuta katikati ya Ramadhani na sikuweza kuijibu. Niliandika mara mbili nikachana. Sasa Idd imepita, na naandika hii moja kwa moja bila kuisoma tena.

Wallahi sijui rafu ya chini ilikuwa na nini. Kwenye lile kabati nilifungua rafu moja tu, ya chaki, na kama kuna la kuungama ni kwamba nilikuwa naiba chaki za rangi. Zoezi la tisa sikulitunga mimi. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja aandike kanuni moja anayoijua maishani mwake, yenye kosa ndani yake, na mwenzake alitafute. La tisa liliandikwa na yule mama wa maziwa, mwandishi wa lile la sita ulilolisifu. Anaitwa Nalepo Lemomo, wa Kisongo. Nilipoona kambi nikafurahi kama mtoto, nikadhani amesikia tu habari za shule kama yetu. Sikumuuliza amelitoa wapi.

Nimemuuliza sasa. Amesema alisoma kwako, akamaliza mwaka 2006, miaka miwili kabla yangu. Hakuwa anajua kwamba mazoezi yanakwenda kwako. Nilipomtajia jina lako aliweka kalamu chini na kutoka nje, na darasa likaendelea bila yeye. Kesho yake alikuja akaniomba namna ya kukupata.

Nimempa jina la duka la Paskalina. Kama nimekosea, nisamehe kwa hilo, na kwa zoezi pia.

Saadi


Kisongo
17 Aprili 2025

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni Nalepo. Nilikaa dawati la tatu upande wa dirisha, na Soila na Nice. Labda hunikumbuki, tulikuwa wengi. Mimi nakukumbuka vizuri. Ulinifundisha kugawa kwa mafungu, na mpaka leo nikigawa chochote nasikia sauti yako.

Mwalimu Saadi ameniambia umeumia. Sikuliandika ili wewe ulisome. Niliandika kwa sababu tuliambiwa tuandike kanuni yenye kosa tunayoijua, na mimi niliijua hiyo. Ulituandikia ubaoni: anayekosa zaidi ya siku kumi haingii kambi, isipokuwa mzazi alete barua. Baba akaleta barua. Jina langu halikuwepo. Nilikaa na jambo hilo miaka yote bila kulielewa, mpaka Mwalimu Saadi alipochora ubaoni jinsi kompyuta inavyoshuka mstari kwa mstari. Nikaona huenda hakuna aliyeifungua. Sikuwa na hakika. Bado sina, na ndicho ninachokuomba uniambie.

Sikuombi kwa ajili yangu. Yangu yamepita. Miezi ile miwili nilikuwa napita na ndama nje ya uzio wa shule jioni, nawasikia wenzangu wakiimba kuzidisha kwa kumi na mbili, nikawa naimba nao nikiwa njiani. Sikuchaguliwa, nikaolewa, nikapata watoto wawili, baadaye nikafanya mtihani wa watu wazima nikafaulu. Sasa napima maziwa na nataka kuandika programu ya kituo chetu. Nalilia ile miaka wakati mwingine, sitaki kukudanganya, lakini sikai nayo.

Anayekaa nayo ni baba. Yeye hajui kuandika. Ile barua ilisemwa na yeye na kuandikwa na mwinjilisti Ezra, sebuleni kwa mwinjilisti. Ezra alitaka aandike kwamba nilikuwa mgonjwa. Baba akakataa. Akasema, andika kweli: mama wa mtoto amelazwa kwa uzazi, wadogo zake hawana mtu, na mimi baba yake ndiye niliyemzuia nyumbani siku kumi na nne, kosa ni langu, yeye alilia kila asubuhi akitaka kuja shule. Akaja nayo kwa miguu, akakupa mkononi.

Orodha ilipotoka, baba aliamini umeisoma na umechukia. Aliamini angekubali uongo wa Ezra ningeingia. Aliniambia siku ile, na amerudia mara nyingi tangu hapo: "Kweli yangu ndiyo iliyokufungia mlango." Ana miaka sabini na nane sasa. Hajawahi tena kumwomba mtu amwandikie kitu. Mjukuu wake alipohitaji barua ya shule mwaka jana, alikataa, akasema barua zake zina mkosi.

Kama uliisoma na ukakataa, niambie, nitajua namna ya kumficha. Kama hukuisoma, naomba ayajue hayo kabla hajafa.

Nalepo Lemomo


Ngaramtoni
11 Mei 2025

Nalepo mwanangu,

Nakukumbuka. Ulikuwa na mwandiko unaolalia kushoto, nikapigana nao mwaka mzima na sikufua dafu. Naona bado unalalia kushoto.

Nimechelewa kukujibu wiki tatu. Ya kwanza nilikaa nimekasirika, nikitafuta wa kumkasirikia. Ya pili mvua ilikuwa kubwa na nikajisingizia mvua. Wiki hii nimeshusha sanduku la bati nililotoka nalo shuleni siku ya kustaafu. Humo mna bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa mkono wangu, "Barua za wazazi, kambi 2006." Zimo sita. Zote sita zimefungwa kwa gundi kama zilivyokuja.

Nitakuambia nilivyofanya, kwa sababu una haki ya kujua hatua kwa hatua. Nilikuwa na daftari la mahudhurio mbele yangu. Niliwapitia wote, kila aliyezidisha siku kumi nikampigia mstari. Nikasema moyoni, nikimaliza nitafungua barua nione nani wa kumrudisha. Nilipomaliza giza lilikuwa limeingia, mwalimu mkuu akaja mlangoni kudai orodha, nikanakili majina ambayo hayakupigwa mstari. Nikampa. Barua nikaziweka kwenye bahasha ili nizisome kesho. Kesho yake orodha ilishabandikwa, na niliona aibu kumwambia mwalimu mkuu kwamba kuna kitu sijasoma. Basi sikusoma. Kila mwaka nikifungua kabati ile bahasha ilikuwepo, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kuifungua kuliko mwaka uliopita.

Yule ambaye Saadi humwita mwalimu anayeona kosa haraka aliliona hili siku ileile. Nisamehe, Nalepo. Sitaki uniambie ni mambo ya zamani.

Nimezifungua sasa, zote. Ya baba yako ilikuwa ya tatu. Hao wengine watano nitawatafuta mmoja mmoja, Paskalina ananisaidia kuuliza. Wawili tumeshajua waliko.

Mwambie Saadi zoezi la tisa nimelisahihisha. Mstari wa barua upande juu, uwe wa kwanza kuulizwa, na wa siku kumi ufuate chini yake. Kijitabu kikichapishwa, zoezi libaki na jina lako, na likiwezekana waandike pia kwamba kosa lilikuwa la mwalimu.

Barua iliyomo humu ndani ni ya baba yako. Msomee kwa sauti, usipunguze neno. Alhamisi ijayo nitakuja Kisongo mwenyewe kusimama mbele yake, lakini yeye aliniletea barua, na mtu aliyeleta barua anastahili kujibiwa kwa barua.

Elinaza


Ngaramtoni
11 Mei 2025

Mzee Lemomo,
Kisongo.

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 10 JULAI 2006

Shikamoo mzee wangu.

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Barua yako niliipokea kutoka mkononi mwako, mlangoni kwa ofisi ya walimu. Ulikuwa umevua kofia. Nilikuahidi kwamba nitaisoma, ukashukuru, ukaondoka.

Sikuisoma. Nimeifungua kwa mara ya kwanza juzi Ijumaa, baada ya miaka kumi na minane na miezi kumi. Mtoto wako nilimkata jina kabla ya kuifungua. Uzembe ulikuwa wangu, na woga wa kuukiri ulikuwa wangu pia. Hakuna neno lolote ulilomwambia mwinjilisti Ezra lililomdhuru mtoto, kwa kuwa hakuna neno lililosomwa. Hata kama angeandika uongo, uongo nao ungelala humo kabatini.

Nimeisoma sasa mara nyingi. Nimepokea maelfu ya barua za wazazi, karibu zote zinasema mtoto alikuwa na homa. Yako ni ya pekee ambayo mzazi anasema kosa ni langu, mtoto hana hatia. Ningeifungua siku ile, ningelipeleka jina la Nalepo kwa mwalimu mkuu usiku uleule kwa miguu yangu.

Jibu la barua yako ni hili: sababu uliyoitoa ni ya kweli, na inatosha. Mtoto aruhusiwe kuingia kambi.

Wako,

Elinaza
Mwalimu wa Darasa la Saba, 2006